Mwaka wa sita naishi Cartagena, Colombia: mji wa joto uliofanana na kwetu. Karibuni tuulizane

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa, shikamooni.

Amerika ya Kusini ikitajwa humu, mazungumzo huishia Brazili, basi nikaona nilete habari za upande wangu. Mimi ni mtu wa Tanga, fundi wa majokofu na viyoyozi. Nilianza kazi melini nikihudumia makontena ya baridi, na sasa huu ni mwaka wa sita niko Cartagena, mji wa bandari kwenye pwani ya Karibi ya Colombia. Nimeoa hapa, tuna binti wa miaka minne.

Nianze na lililonigharimu kuliko mengine yote. Mji huu umefanana na kwetu mno, na kufanana huko ndiko kunakomponza mtu wa pwani yetu. Ukishuka tu kwenye ndege hewa inakukumbatia kama Dar mwezi wa pili. Minazi hiyo, miembe hiyo, mikoko ukingoni mwa maji. Jioni wazee wametoa viti nje wanapiga dhumna, na ukipita bila kusalimia wanakuona huna adabu. Wali unapikwa kwa tui. Nikajiambia nimefika nyumbani, cha kujifunza ni Kihispania tu. Karibu kila kosa nililofanya mwaka ule wa kwanza lilitoka kwenye wazo hilo.

Chukueni joto. Sisi mwaka wetu tunaujua sura zake: Desemba inaingia kaskazi, jua linachoma mpaka Machi, masika yanashuka, halafu kusi inaleta kipupwe, na Juni au Julai hata Tanga usiku unavuta shuka. Cartagena iko nyuzi 10 kaskazini mwa ikweta. Desemba mpaka Machi huvuma upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, yaani upande ule ule na miezi ile ile ya kaskazi yetu. Lakini kwao huo ndio msimu wa raha! Wanauita *la brisa*. Mvua hakuna, upepo unapiga tangu mchana hadi usiku, madirisha yanagongana, nguo zinakauka kwa saa moja, na watu wana furaha usoni. Aprili upepo ukianza kukatika, ndipo shida inapoingia. Hewa inasimama. Mei na Juni unyevu unapanda, Oktoba ndiyo mvua kubwa.

Mimi nilikaa nikingoja kipupwe. Juni ikapita, Julai ikapita, Agosti nikamuuliza mama mwenye nyumba baridi inaanza lini. Akanitazama kwa huruma, akaniambia, "Baridi iko Bogotá, mijo," yaani mwanangu. Bogotá ndio mji mkuu, uko juu milimani. Kwa kipimajoto ni nyuzi 31 au 32 mchana, 25 au 26 usiku, miezi kumi na miwili. Ukiisoma namba hiyo huogopi. Ila jasho halikauki mwilini, na wenyewe joto hilo la kubana wanaliita *bochorno*.

Bahari nayo. Mtu wa Tanga amezoea maji kupwa na kujaa, mita tatu na zaidi za tofauti, mwamba unatokea na akina mama wanaingia kutafuta pweza na chaza. Karibi haipwi hivyo. Tofauti ya maji ni ndogo kiasi kwamba ukisimama ufukweni asubuhi na jioni unaona mstari ni ule ule. Miezi ya kwanza nilikuwa natazama bahari nikihisi kama imesimama. Halafu Oktoba na Novemba hiyo hiyo bahari inajaa hadi inatokea kwenye mifereji ya barabara za Bocagrande, mtaa wa maghorofa, na magari yanatembea ndani ya maji ya chumvi siku ambayo hakuna hata tone la mvua.

Na msije mkidhani ufukwe wa mjini ni kama Nungwi. Maji ni ya rangi ya udongo, kwa sababu Mto Magdalena unamwaga tope lake kupitia mfereji uitwao Canal del Dique unaotokea ghuba ya Cartagena. Yanafanana na mdomo wa Pangani wakati wa masika. Maji meupe yako visiwa vya Rosario na upande wa Barú, kwa boti.

Nitaendelea. Mwenye swali aulize.

#2 Mdau, Muscat

Mkuu, uzi mzuri. Lakini huku kwetu Muscat mwezi wa sita tunagonga 45. Hiyo 32 mbona ni hali ya hewa ya kupunga upepo?

#3 Mleta uzi

Ndugu yangu, Oman naifahamu, nimeshuka bandarini huko zaidi ya mara moja. Joto lenu ni kali kuliko letu, sikatai. Lakini Januari usiku huko mnatafuta sweta, mwili unapumzika, na ule wakati wa 45 mnatoka kwenye kiyoyozi cha nyumba mnaingia kwenye kiyoyozi cha gari. Hapa watu wengi wanalala na feni. Feni wanaiita *abanico*, na hata nyumba isiyo na sebule ina abanico.

Sababu ni umeme, na hapa naongea kama fundi. Colombia nyumba zote za mjini zimepangwa kwa madaraja, *estrato*, kuanzia 1 hadi 6. Daraja limeandikwa kwenye bili yako. Estrato 1 mpaka 3 wanapata ruzuku, wa 4 analipa bei yenyewe, wa 5 na 6 wanaongezewa asilimia 20 ili kuwachangia wa chini. Lakini ruzuku ina mwisho wake. Sehemu za joto, yaani zilizo chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, inaishia uniti 173 kwa mwezi. Sasa piga hesabu: kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000 kinakula karibu uniti moja kwa saa kompresa ikiwa inazunguka. Ukikiwasha saa nane kila usiku, hata kompresa ikipumzika pumzika, kiyoyozi peke yake kimemaliza ruzuku ya nyumba nzima. Friji, feni na taa unalipia bei kamili. Ndiyo maana pwani hii bili ya umeme inazungumzwa kama sisi tunavyozungumza bei ya unga. Nimeingia nyumba za watu wana kiyoyozi ukutani, kimefunikwa shuka, kinawashwa siku mtoto ana homa.

Kwa anayekuja kukaa nina mambo machache. Nunua kiyoyozi cha inverter, kile kinachokula umeme kidogo, hata kama bei imezidi. Usifunge mashine ya nje ikitazama bahari bila kizuizi. Chumvi inakula mapezi ya alumini, na miaka miwili mitatu gesi imeanza kuvuja. Ioshe kwa maji matamu kila mwezi. Na usibebe vyombo vya umeme kutoka nyumbani: huku ni volti 110 na hezi 60, plagi ni za pini bapa mbili. Nilileta blenda yangu nzuri kutoka Dar, ilizunguka kama inasali.

Chumba cha kukodi kiangalie mchana saa tisa, usikiangalie asubuhi. Uliza upepo unaingilia wapi. Chumba chenye madirisha pande mbili, moja likitazama kaskazini-mashariki, kina thamani kuliko kiyoyozi kuanzia Desemba hadi Machi. Wazee waliojenga mji wa ndani ya kuta walilijua hilo: dari ndefu, ua katikati, roshani za mbao zinazotia kivuli barabarani. Mtu wa Mji Mkongwe akitembea pale anaelewa bila kuelezwa.

#4 Dada, Mombasa

Hamjambo wenzangu. Mimi nilifundisha Kiingereza Barranquilla miaka miwili, ni mwendo wa kama saa mbili kutoka hapo kwa mleta uzi. Nakubaliana naye kuhusu brisa na bili. Kwenye kiyoyozi nina langu. Kaka, wewe ni fundi na mwili umezoea. Mwalimu anayesimama mbele ya watoto 40 kutwa, akirudi nyumbani asipolala vizuri ataugua. Mimi nilikata matumizi mengine yote lakini chumba cha kulala nilikipoza, na sijuti. Mgeni wa miezi ya kwanza asijilazimishe ushujaa.

Niongeze Barranquilla ina jambo ambalo mgeni lazima aambiwe siku ya kwanza: *arroyos*. Mvua kubwa ikinyesha, barabara fulani zinageuka mito. Si madimbwi, ni mito yenye kasi, imewahi kubeba magari na watu. Mji ulikua bila mifereji ya kutosha ya maji ya mvua. Baadhi ya arroyos kubwa zimeshajengewa mifereji chini ya barabara, lakini desturi imebaki: mvua ikianza, watu wote wanasimama walipo. Hakuna anayekulaumu kwa kuchelewa. Siku yangu ya kwanza nilitaka kuvuka maji yaliyofika kwenye kifundo cha mguu, mama mmoja muuza matunda akanishika mkono kwa nguvu akanirudisha. Dakika kumi baadaye pipa la takataka lilipita pale likielea kwa kasi ya pikipiki. Huyo mama namuombea hadi leo.

Lugha nayo. Mkisoma Kihispania cha vitabu mtafika pwani hamuelewi. Wanaimeza *s*, na *r* nayo. Cartagena wenyewe wanaiita "Cattagena". *Ajá* ina maana zaidi ya kumi, ni kama "haya" yetu: ya kukubali, ya kuuliza, ya kushangaa, ya kumwambia mtu endelea. *Vaina* ni kile kitu, jambo lolote. Wale wa milimani, wa Bogotá, wanawaita *cachacos*, na wanawachekea wanavyovaa rasmi kwenye joto. Na "ahora" vitabuni ni sasa. Pwani inaweza kuwa baadaye, jioni, au kesho.

#5 Mdau, Arusha

Wakuu, upande wa visa ukoje kwa Mtanzania? Na tiketi inapitia wapi?

#6 Mleta uzi

Dada wa Mombasa, maneno yako yana uzito. Nakubali kuhusu mgeni wa miezi ya kwanza.

Mkuu wa Arusha: Mtanzania na Mkenya wote tunahitaji visa. Maombi yanafanyika mtandaoni kwenye tovuti ya wizara yao ya mambo ya nje, na ubalozi ulio karibu nasi uko Nairobi. Kuna aina tatu: V ya wageni wa muda, M ya wanaohamia kwa ndoa, kazi na mengineyo, na R ya ukaazi. Nawatahadharisha kuhusu ile ya wanaofanya kazi kwa intaneti, maarufu sana YouTube. Kwa kanuni za mwaka 2022 imewekwa kwa wenye pasi za nchi ambazo hazihitaji visa ya matembezi. Sisi haituhusu, kwa hiyo asije mtu akawalia pesa kwa kuwaahidi hiyo. Ukipewa visa ya zaidi ya miezi mitatu, una siku 15 za kwenda kujiandikisha uhamiaji upate *cédula de extranjería*. Bila hiyo kadi huwezi kitu, si benki, si mkataba wa nyumba. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Ndege za moja kwa moja hakuna. Wengi wanapita Amsterdam, Istanbul au Madrid hadi Bogotá, kisha ya ndani. Ukiunganisha kupitia Marekani utatakiwa visa yao hata kama hutoki uwanjani. Na Bogotá iko mita 2,600 juu. Weka sweta kwenye begi la mkononi, wengi wanaipuuza hii na wanatetemeka usiku kucha wakingoja ndege ya pwani.

Nyumba: mwenye nyumba atakuuliza *fiador*, mdhamini mwenye mali isiyohamishika. Mgeni utampata wapi? Hapo ndipo wanapokuomba amana. Sheria namba 820 ya mwaka 2003 inakataza amana ya fedha kwenye nyumba za makazi mjini. Mimi sikujua. Mwenye nyumba wangu wa pili alichukua ya miezi mitatu na sikurudishiwa hata peso moja. Kuna makampuni ya bima yanayokudhamini kwa ada; anza huko.

#7 Mdau, Dodoma

Na vyakula je? Mtu akizoea ugali atapona?

#8 Mleta uzi

Utapona, na kunenepa juu. Ugali hakuna, lakini unga wa mahindi upo, tunasonga wenyewe.

Asubuhi wanakula vya kukaanga: *arepa de huevo*, andazi la unga wa mahindi lililopasuliwa likatiwa yai bichi na kurudishwa kwenye mafuta, na *carimañola*, ambayo ni muhogo uliopondwa ukatiwa nyama au jibini ndani. Mchana nenda kwa mama ntilie wao, mlo unaitwa *corrientazo*: supu, wali, nyama au samaki, ndizi, na juisi. Samaki ni *mojarra* wa kukaanga mzima, mara nyingi ni sato yule yule. Wali wa nazi wanao wa aina mbili. Mmoja mweupe kama wetu. Wa pili tui linachemshwa mpaka maji yote yakauke, mafuta yajitenge, na mabaki yageuke rangi ya kahawia; hayo wanayaita *titoté*. Ndipo wanatia mchele, chumvi na sukari. Mara ya kwanza nilifikiri wameunguza. Sasa nikila wali wa nazi mweupe naona umeishia njiani. Mama yangu hajanisamehe kwa kusema hivyo.

Kuna *mote de queso*, mchuzi mzito wa kiazi kikuu na jibini la chumvi, na kuna *suero*, maziwa ya mgando yenye chumvi yanayopakwa juu ya kila kitu. Vijana wanatembea na chupa za chai zimejaa *tinto*, kahawa nyeusi kwenye vikombe vidogo, kama wauza kahawa wetu wa jioni, tofauti ni kwamba hii imeshatiwa sukari. Na kashata ya nazi ipo, inaitwa *cocada*, inauzwa chini ya matao ya Portal de los Dulces. Nilipoila mara ya kwanza niliinunua ya pili na ya tatu nimesimama pale pale.

Soko kubwa ni Bazurto. Joto, tope, kelele, samaki chini ya turubai. Watalii wengi hawafiki. Mtu wa Kariakoo hatashangaa, ila simu iweke ndani.

#9 Mdau, Nairobi

Swali langu ni la moja kwa moja. Sisi weusi tunapokelewaje huko?

#10 Mleta uzi

Hili nimekuwa nikilizunguka, basi tuliseme.

Cartagena ilikuwa bandari kuu ambayo Hispania ilipitishia watumwa kutoka Afrika kuingia Amerika ya Kusini. Uwanja walipouzwa bado upo, leo una meza za mikahawa. Wajukuu zao ndio mji huu. Kwa hiyo ukitembea barabarani hakuna anayekugeukia. Wanakuona ni mtu wa hapa, wanakuuliza njia, wanakuita *mi negro* kwa upendo na wala hawakutukani. Mwanzoni hilo lilinipa faraja kubwa. Baada ya miaka ya kuwa mgeni kila bandari, hapa nilikuwa mtu wa kawaida.

Lakini kuonekana mtu wa hapa maana yake ni kupokelewa kama anavyopokelewa mweusi wa hapa. Usiku mmoja tulikwenda na shemeji yangu kwenye ukumbi wa muziki ndani ya mji wa kuta. Mlinzi akatuambia kuna sherehe binafsi. Nyuma yetu wakaingia watu wanne, weupe, bila kuulizwa. Nikamuuliza kwa Kiingereza kuna nini. Uso wake ukabadilika, akataka kuona pasi, akafungua kamba. "Wewe pita." Shemeji yangu, aliyezaliwa mita mia tano kutoka mlango ule, akabaki nje. Niliondoka naye. Tulitembea hadi kwao, mtaa wa Getsemaní, hatujasema neno, na yeye ndiye aliyeniomba msamaha. Hilo la kuniomba msamaha ndilo liliniumiza.

Si jambo langu peke yangu. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ya Colombia iliamua kesi ya dada mweusi aliyezuiwa milango ya kumbi za Cartagena, na akashinda. Mwaka 2011 ikatungwa sheria namba 1482 inayofanya ubaguzi kuwa jinai. Sheria ipo. Neno la "sherehe binafsi" nalo bado lipo.

Na mji ni miji miwili. Mtalii anaona kuta, roshani za maua na Bocagrande. Kusini kuna mitaa kama Nelson Mandela, ndiyo, wameuita hivyo, iliyoanza miaka ya 1990 na watu waliokimbia vita vijijini. Nina wateja huko wa kutengenezewa friji. Mshahara wa chini kisheria mwaka 2025 ulikuwa peso 1,423,500 kwa mwezi, na wengi hawaufikii kwa sababu wanauza vitu vyao barabarani au wanaendesha bodaboda. Ukipanga bajeti yako kwa bei za mji wa kuta, jua unalipa bei ambazo wenye mji hawazijui.

#11 Mdau, Bukavu

Ndugu, nilisikia kule wanacheza muziki yetu ya Kongo. Ni kweli?

#12 Mleta uzi

Ni kweli tupu, ndugu yangu. Miaka ya 1970 na 1980 mabaharia na wafanyabiashara walileta sahani za santuri kutoka Afrika: rumba na soukous za Kinshasa, Franco, Mbilia Bel, na muziki wa Afrika Magharibi. Zilipigwa na *picós*, mitambo mikubwa ya spika iliyopakwa rangi kama malori ya Pakistani. Mwenye picó akipata wimbo ambao wengine hawana, alikwangua lebo ya sahani ili mpinzani asijue jina lake. Watu wakazibatiza nyimbo majina ya Kihispania kwa walivyosikia maneno. Kutoka hapo vijana wakaanza kuimba yao wenyewe juu ya magitaa yale, ikazaliwa *champeta*. Jina lenyewe ni la kisu kile cha wauzaji wa sokoni, na lilianza kama tusi kwa watu wa mitaa ya chini.

Jumapili mchana nikitengeneza friji mtaani, nasikia gitaa la Kinshasa kutoka nyumba tatu mbele, napiga kazi kama niko Tanga kwenye baraza la redio.

#13 Mdada, Mwanza

Usalama kwa mwanamke anayesafiri peke yake?

#14 Dada, Mombasa

Nijibu mimi, dada. Wana msemo wa nchi nzima: *no dar papaya*, usitoe papai. Maana yake usimpe mwizi nafasi. Simu mkononi barabarani ni papai. Mkufu ni papai. Teksi za Cartagena wakati wangu hazikuwa na mita, patana bei kabla hujafungua mlango. Kinywaji chako usikiache mezani wala usipokee cha mtu usiyemjua. Kuna dawa, skopolamini, wanaiita *burundanga*, inakupumbaza unatoa mwenyewe kadi na namba ya siri. Hili silitii chumvi. Ufukweni Bocagrande atakuja mtu kukukanda mabega "bure". Sema hapana kabla hajakugusa, kwa sauti, ukitabasamu. Na wale akina mama wa nguo za rangi wenye matunda kichwani, omba kabla ya picha, na uwalipe. Ni kazi yao.

Zaidi ya hayo nilitembea, nilipanda mabasi, nilicheza kanivali ya Barranquilla siku zote nne kabla ya Jumatano ya Majivu nikiwa na majirani zangu. Walinilinda kama binti yao.

#15 Mdau (hakutaja mahali)

Wakuu, kuna mtu ananiambia nikifika Colombia kuna njia ya kupitia Necoclí hadi Marekani. Mleta uzi unaijua?

#16 Mleta uzi

Naijua, na nakuomba kama mdogo wangu usiende. Kutoka Necoclí ni boti kuvuka ghuba, halafu msitu wa Darién hadi Panama, bila barabara. Mwaka 2023 walipita zaidi ya watu 500,000, wakiwemo Wakongomani, Wasomali na Waeritrea. Kuna waliozama mitoni, waliobakwa, waliobaki humo. Nilikutana na kijana wa Goma aliyerudi, alikuwa amembeba mtoto ambaye mama yake hakutoka. Alinielezea kwa Kiswahili, na mimi ndiye mtu wa kwanza kumsikia kwa lugha yake kwa wiki nyingi. Anayekuambia ni "njia" anakuuzia. Nitumie ujumbe faragha tuongee, hata usiku.

#17 Mdau, Tanga

Mtu wa nyumbani, salaam. Palenque umefika? Nasikia wanaongea Kibantu.

#18 Mleta uzi

Salaam sana, mtu wa nyumbani. Nimefika, mara nyingi.

San Basilio de Palenque iko kama kilomita 50 kutoka Cartagena. Waliianzisha watumwa waliotoroka. Kiongozi wanayemkumbuka ni Benkos Biohó, Wahispania walimnyonga mwaka 1621, na sanamu yake iko uwanjani na minyororo imekatika. Lugha yao, Kipalenkero, si Kibantu kamili: maneno mengi ni ya Kihispania, lakini ndani yake kuna Kikongo, ambacho ni ndugu wa Kiswahili. Wingi wanaweka kwa *ma*. Mtoto ni *moná*. Na ng'ombe ni *ngombe*.

Mara ya kwanza nilikwenda kufunga jokofu la duka. Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli na bibi mmoja anayepika pipi za nazi, mtama na sukari za kwenda kuuza Cartagena. Akapita mtu na ng'ombe wawili, bibi akanena neno lile. Nilisimama. Nikamwambia na sisi tunasema hivyo. Hakuamini. Nikampigia mama yangu; pale ilikuwa saa tano asubuhi, Tanga saa moja usiku, mama ndio katoka kuswali. Nikaweka sauti kubwa, nikamwomba bibi arudie.

"Ngombe," bibi akasema kwenye simu.

Mama akanyamaza kidogo. "Ng'ombe," akajibu. Kisha bibi akasema *moná*, mama akasema mwana, na wakaanza kucheka wote wawili kila mmoja upande wake.

Mama akaniuliza, "Huyo bibi kwao ni wapi?" Nikamtafsiria. Bibi akafuta mikono kwenye aproni, akaniambia, "Mwambie mimi ni wa hapa hapa. Muulize yeye, kwao ni wapi?"